Mkovu wa Mfalme

Mwaka huu, katikati ya muhula wa pili, bodi ya nidhamu ya shule yetu ya bweni ilikaa kikao cha saa mbili na kuamua kwamba elimu ingesonga mbele vizuri zaidi kama mimi ningekaa nyumbani wiki tatu. Kosa langu lilikuwa dogo, tena la kizalendo. Niliandika tangazo, kwa lugha safi na kwenye karatasi yenye nembo, kwamba mkaguzi mkuu angeitembelea shule siku ya Alhamisi na kwamba alikuwa na mzio wa vumbi. Kwa siku mbili walimu walisimamia upakaji wa chokaa kwenye kila jiwe la njiani, mpishi alisugua masufuria mpaka yakaona haya, na makamu wa mkuu wa shule alinyoa ndevu alizokuwa amezifuga tangu tuko kidato cha kwanza. Mkaguzi hakuja kwa sababu nilikuwa nimemtunga. Shule haijawahi kupendeza vile, lakini hakuna aliyenishukuru.

Nilipofika nyumbani na sanduku langu la bati, Mama hakufoka, jambo lililonitia wasiwasi mkubwa. Aliisoma barua ya shule akiwa amesimama, akaikunja, akaisukuma chini ya redio.

"Unajua ada yako ya kuanzia ilitoka wapi?"

"Kwa Mjomba."

"Na yeye aliitoa wapi?"

Nikasema labda mfukoni, kwa kuwa ndiko pesa zinakokaa.

"Aliuza Mkovu," Mama akasema. "Nilimkataza. Akasema sarafu haiwezi kusoma, wewe unaweza. Haya, soma barua yako hiyo." Akaingia jikoni, akaniacha mimi na redio.

Sina budi kueleza Mkovu ni nini, maana bila hilo mambo mengine yote yataonekana ni kelele za watu wazima waliokosa kazi.

Mjomba wangu, kaka yake Mama, ni fundi saa. Kibanda chake kina upana wa kitanda kimoja, na ukutani zinaning'inia saa arobaini zisizokubaliana. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alifanya kazi ya kuuza stempu dirishani posta, na siku moja mteja alimlipa kwa sarafu ya zamani ya fedha, yenye kichwa cha mfalme. Kutoka sikioni mwa mfalme mpaka ukingoni ulikuwepo mstari mwembamba ulioinuka, kama alama ya mshono. Mtu mwingine angedhani imekwaruzwa. Mjomba alipitisha ukucha, akahisi mstari umenyanyuka badala ya kuzama, akajua kwamba chuma cha kupigia chapa kilikuwa kimepasuka kiwandani, na sarafu chache zikatoka na ufa huo kabla mafundi hawajashtuka. Akatoa pesa yake mwenyewe, akaiweka kwenye droo ya posta, akaichukua ile. Aliiita Mkovu, kwa ajili ya kovu lile la mfalme. Katika miaka thelathini na tano aliyokusanya sarafu hakuwahi kuishika nyingine ya namna hiyo, na hiyo moja ndiyo iliyomfanya aanze kukusanya.

Nilipokuwa mdogo, nikiwa nimetulia, na hilo lilitokea kama mara mbili kwa mwaka, aliniruhusu nimguse mfalme sikio. Kumbe miaka minne sasa tundu lake kwenye albamu ya Mjomba lilikuwa tupu, na mimi nilikuwa bwenini nikiunganisha kengele ya shule na king'amuzi cha bwana nidhamu.

Nilikwenda kibandani siku iliyofuata. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya toba yenye aya tatu. Mjomba alikuwa na kioo cha kukuzia kimebana kwenye jicho la kulia, na mkononi ana saa ya kike iliyofunguliwa tumbo.

"Wamekufukuza?"

"Wamenipumzisha."

"Kwa kosa gani?"

Nikamweleza habari ya mkaguzi. Mabega yake yakatikisika, kioo kikamdondoka mapajani. Alicheka mpaka akafuta macho, kisha akajikumbusha kwamba yeye ni mtu mzima.

"Ni vibaya sana," akasema.

"Vibaya mno, Mjomba."

"Keti. Nina kazi na wewe."

Akafungua droo, akatoa karatasi mbili zilizobanwa pini: orodha ya mnada wa sarafu. Mnada huo hufanyika Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi kwenye ukumbi wa ushirika, na mimi nimekuwa nikienda naye kila likizo tangu darasa la tano. Nina sarafu kumi na moja zangu mwenyewe na kiburi cha mtu mwenye elfu kumi na moja. Kidole chake kilisimama kwenye fungu la thelathini na moja. *Sarafu moja ya fedha, kichwa cha mfalme, hali ya wastani, ina mkwaruzo.* Dau la kuanzia, elfu nane.

"Mkwaruzo," akasema Mjomba, kwa sauti ya mtu aliyetukanwa mzazi.

Aliyeinunua Mkovu miaka minne iliyopita alikuwa daktari wa macho, mtu aliyejua alichonunua na aliyelipa kwa heshima. Daktari alikuwa amefariki, na warithi wake, wasiojua kutofautisha sarafu na kifungo cha koti, walikuwa wamemletea dalali kila kitu ndani ya ndoo. Dalali naye aliandika alichokiona.

"Basi si utaichukua kwa elfu kumi!" nikasema. "Nyoosha mkono, ondoka nayo."

Mjomba akatabasamu bila furaha. "Mimi? Nikinyoosha mkono mimi?"

Nikaelewa. Pale mnadani watu wanamwita Jicho. Hawasomi vitabu wala hawana vioo vya kukuzia, wanamsoma yeye. Akisimama mbele ya fungu kwa muda wa pumzi tatu, watu wanne wanaandika namba ya fungu hilo kwenye viganja. Akiinua kibao chake cha namba kutaja dau, vibao vitano vinamfuata kama kuku na mtu mwenye mtama. Kwa miaka mingi amekuwa akirudi nyumbani na vile tu ambavyo hakuvitaka sana.

"Utanyoosha wewe," akasema. "Tutaingia mbalimbali, tutakaa mbalimbali. Kwenye saa ya ukaguzi usiisogelee zaidi ya wengine. Pita, itupie jicho, nenda zako. Angalia vitu vingine kivivu tu, kama mtoto aliyekosa pa kwenda."

"Na kikomo?"

"Laki mbili na elfu kumi. Haitafika hata ishirini, lakini nataka uwe nayo."

Nikauliza pesa hiyo imetoka wapi. Akaelekeza kidevu kwenye rafu ya juu. Albamu zake tatu hazikuwepo. Alikuwa ameziuza kwenye mnada wa mwezi uliopita, zote, mara aliposikia vitu vya daktari vitaletwa mnadani, ili asije akapungukiwa na kitu siku ya Mkovu. Miaka thelathini na tano ya kukusanya, na sasa mkusanyiko wake wote ulikuwa sarafu moja ambayo bado hakuwa nayo.

"Sitakuangusha, Mjomba," nikasema, na nilikuwa namaanisha. Nataka hilo liandikwe mahali.

Jumamosi niliingia ukumbini saa tatu na nusu. Ukumbi wa ushirika una viti vya plastiki, jukwaa, feni mbili, moja inazunguka na nyingine inalalamika. Kwenye saa ya ukaguzi mafungu hupangwa juu ya meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cha kijani, na mke wa dalali hukaa mwisho wa meza akichunga vidole vya watu. Sheria ni ya kanisani: sarafu unaishika ukingoni, juu ya kitambaa, husemi na mtu, huulizi bei.

Mjomba alikuwa upande wa pili, akiyakagua mafungu ambayo hakuyataka. Nikapita mbele ya la thelathini na moja. Mfalme alikuwa kwenye bahasha ndogo ya plastiki, ameinamisha uso kama anayesubiri basi, na mkovu wake ulikuwa pale pale. Nikahesabu pumzi moja. Nikaondoka zangu.

Hapo ndipo iliponibidi niangalie vitu vingine kivivu, na uvivu sijaumbiwa.

Fungu la kumi na nne lilikuwa kopo kubwa la maziwa ya unga lililojaa sarafu za ovyo, zile zilizobaki mifukoni mwa watu nchi zinapobadilisha pesa. Takataka tupu; dau la kuanzia elfu mbili. Nikalivuta. Nikachota kiganja kimoja, nikazimwaga juu ya kitambaa. Mgongoni nikahisi mtu. Alikuwa Misumari, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mnene mwenye peni tatu mfukoni, anayenunua sarafu kama anavyonunua saruji: kwa kuogopa wengine wasije wakamaliza. Alikuwa akinichungulia begani.

Ningeweza kusogea. Badala yake nilitoa kioo cha zamani alichonipa Mjomba, nikakibana jichoni. Nikachagua sarafu moja ya shaba iliyochoka, nikaigeuza. Nikasimamisha pumzi. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, kama mwizi wa kuku kwenye mchezo wa kuigiza, nikairudisha kwenye kopo na kuizamisha chini kabisa, chini ya nyingine zote. Kisha nikatoa daftari na kuandika, kwa uso wa msiba, *Leo ni Jumamosi.*

Nilipogeuka, Misumari alikuwa amelikamata kopo kwa mikono miwili. Nyuma yake alisimama Mkutubi, mama mmoja mpole aliyestaafu kazi ya maktaba, anayekusanya sarafu zenye wanyama tu na kununua moja kwa mwezi, kwa kadiri pensheni inavyomruhusu. Naye alikuwa ameona. Nilitamani kumkonyeza. Sikumkonyeza, kwa sababu mchezo ulikuwa unanoga.

Saa nne kamili dalali alipanda jukwaani, akagonga nyundo yake.

"Mabibi na mabwana, leo mifuko tuifungue, tusiwe kama wagonjwa wa tumbo! Fungu la kwanza!"

Nilikuwa nimekaa nyuma na kibao namba ishirini na saba. Mjomba alikuwa safu ya tatu, pembeni, kibao chake kikiwa kimelala magotini.

"Fungu la kumi na nne!" dalali akasema. "Kopo la maziwa. Maziwa yamekwisha, zimebaki hela! Nani ananiondolea uzito huu kwa elfu mbili?"

Misumari akainua kibao. Mkutubi naye. Nne. Sita. Kumi. Dalali akamwangalia mkewe, mkewe akainua mabega. Mzee mmoja aliyekuwa amesinzia akaamka, akaona vibao juu, akainua chake kwa usalama. Ishirini. Thelathini. Nikauma ulimi mpaka nikasikia chumvi. Hicho kilikuwa kilele cha kazi zangu zote; makamu na ndevu zake walikuwa mazoezi tu.

Mjomba aligeuza kichwa taratibu. Hakuliangalia kopo. Aliniangalia mimi, na uso wake haukuwa na kicheko kile cha kibandani.

Kopo lilikwenda kwa Mkutubi, kwa elfu arobaini na sita. Misumari alikuwa ameishia arobaini na nne, akashusha kibao akipumua kwa hasira. "Nimezubaa," akamwambia jirani yake, kwa sauti ya kusikika hadi kwetu. "Yule binti anajua kitu. Ni damu ya Jicho ile, mnamwona? Ni mpwa wake! Safari hii sizubai."

Kicheko changu kikafa hapo hapo.

Mkutubi alikwenda kuchukua kopo lake, na aliporudi, badala ya kukaa kwenye kiti chake, alikuja kukaa kando yangu. Akalipakata kopo kama mjukuu.

"Ni ipi, mwanangu?" akanong'ona.

"Ipi nini, Bibi?"

"Usinifiche. Mimi sina ubaya. Nimeliona jicho lako lilivyobadilika. Ina mnyama?"

Nikasema sikumbuki vizuri. Akanipigapiga goti, akasema si kitu, ataitafuta mwenyewe, kutafuta ndiyo raha. Akaanza kuzitoa moja moja na kuzisoma kwenye mwanga wa dirisha. Kila mara alipokuta ndege au samaki alininyooshea, nami nilitikisa kichwa. Hilo lilichukua mafungu kumi na sita. Sijawahi kukaa adhabu ndefu kama hiyo, na nimewahi kufyeka uwanja wa mpira peke yangu.

"Fungu la thelathini na moja. Sarafu ya fedha, kichwa cha mfalme, ina mkwaruzo kidogo lakini nani kati yetu hana? Elfu nane!"

Hakuna aliyeitaka. Mzee wa usingizi alikuwa amesharudi usingizini. Kama ningekuwa mtoto mwingine yeyote, mwenye uso mwingine wowote, ningeinua kibao, nyundo ingeshuka, na tungekuwa nje tukinywa soda.

Nikainua kibao.

Misumari alikuwa amegeuza kiti chake kizima anitazame. Kibao chake kikapanda kabla cha kwangu hakijashuka.

"Kumi! Kumi na mbili, binti? Kumi na mbili. Kumi na tano kwa bwana. Ehe, sasa tunazungumza!"

Nikajaribu kuonyesha uchovu. Nikapiga miayo, nikainua kibao kama anayefukuza nzi. Haikusaidia kitu, nilikuwa nimewafundisha asubuhi ile ile kwamba uso wangu unaficha hazina. Elfu arobaini. Sitini. Wengine wawili wakajiunga, wasiojua wananunua nini, wakijua tu nani anakitaka. Laki moja. Wale wawili wakaachia njiani. Misumari hakuachia.

"Laki moja na themanini kwa bwana wa mbele. Binti?"

Nikainua kibao tena. "Laki mbili."

"Na tano," Misumari akasema, bila hata kuinua kibao.

"Laki mbili na kumi."

"Na ishirini!"

Dalali akaninyooshea nyundo. Nikamtazama Mjomba. Kikomo kilikuwa kimeisha, na nadhani yeye ndiye aliyekuwa amesahau kwamba tulikubaliana tusijuane, kwa sababu alikuwa amesimama. Kibao chake, namba sita, kilikuwa juu.

Ukumbi mzima ukasema "Aah," kama watu waliofunuliwa pazia.

"Laki mbili na thelathini, Jicho mwenyewe!" dalali akapaza sauti, na jasho lilikuwa likimtiririka kwa raha.

Pesa hiyo Mjomba hakuwa nayo. Nilijua, Mama angejua, saa zote arobaini kibandani zingejua. Misumari akamwangalia aliyesimama, akaniangalia mimi, na uso wake ukajaa furaha ya mtu aliyehakikishiwa na mashahidi wawili.

"Laki tatu," akasema.

Mjomba akabaki amesimama kidogo. Kisha akakaa. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, nyundo.

Alitoka nje bila kungoja mafungu yaliyobaki. Mimi nilikwama kwenye foleni ya mlangoni, na hapo Misumari, akitoka kwenye meza ya malipo na bahasha yake ndogo, akanishika bega.

"Haya mpwa wa Jicho, nimewashinda. Hakuna kinyongo. Sasa niambie basi, nimenunua nini? Ina nini hii?"

Neno moja lingetosha. Ningesema: *Ule mstari, ndio thamani yake.* Lakini nilitaka naye akose usingizi walau kidogo.

"Mwenye mali ndiye anayejua," nikasema kwa adabu zote za shule ya bweni. "Iangalie vizuri, utaona mwenyewe."

"Ala! Jeuri hii." Akacheka, akaisogeza bahasha kwenye mwanga. "Nitaiangalia. Nina macho, bwana."

Mjomba hakunigombeza njiani. Tulitembea tumeachana hatua mbili. Kwenye kona ya duka la dawa alisema kitu kimoja tu: "Kopo lile ulilifanyia nini?"

"Mchezo tu, Mjomba."

"Yule mama atakula nini mwezi huu?"

Nikaongeza hatua ya tatu kati yetu.

Jumatatu asubuhi nilikwenda dukani kwa Misumari. Nilikuwa nimefikiri siku mbili na kufikia uamuzi mzito: ningemwambia ukweli wote. Ningemwambia ni mkovu gani na wa nani, nimwombe amuuzie Mjomba kwa laki mbili na kumi, na ile tisini nimlipe mimi kwa kazi, likizo zote mpaka nimalize shule, nikipima misumari kwenye mizani yake. Njia nzima nilikuwa nikirudia maneno. Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa nimetunga hata moja.

Alikuwa nyuma ya kaunta, kati ya makopo ya rangi na mabunda ya waya, amefurahi kuniona.

"Umekuja kuiona! Nilijua. Sasa ngoja nikupe siri, maana wewe na mjomba wako mmejidai wajuzi." Akafungua droo. "Nimeiangalia vizuri kama ulivyosema. Usiku kucha sijui nitazame nini, jana mchana kwenye jua nikaona. Mna macho kweli! Kumbe ina kasoro."

"Kasoro?"

"Mstari hapa sikioni. Uchafu wa kiwandani. Nikasema, aa, ndiyo maana dau lilianza chini, na ndiyo maana Jicho aliitaka: alitaka aitengeneze aiuze ghali. Mimi vifaa ninavyo." Akaweka kwenye kaunta, juu ya gazeti. "Msasa wa maji, ule laini kabisa, taratibu, taratibu. Halafu brashi ya mashine na dawa ya kung'arisha. Tazama sasa!"

Niliitazama. Ilikuwa inameta kama kijiko cha hoteli. Shavu la mfalme lilikuwa bapa, sikio limeyeyuka, na kutoka pale mpaka ukingoni palikuwa laini kama sabuni iliyotumika. Nikapitisha ukucha. Ukucha ukateleza mpaka mwisho bila kugusa kitu.

"Safi, eh?" akasema Misumari. "Sasa ina thamani gani? Sema ukweli."

Ningemwambia. Pesa ya nauli ya kurudi shule ingenunua tatu za namna ile. Lakini alikuwa ameinama juu ya kaunta, peni zake tatu zimening'inia, ananiangalia kama mtoto aliyechora nyumba. Sikuwa hata na hasira ya kumtupia. Yote niliyokuwa nayo ilinielekea mimi mwenyewe.

"Imependeza," nikasema. "Usimwonyeshe mtu. Watu wana wivu."

"Hilo nalo neno," akasema, akaifunga kwenye kitambaa, akaitia drooni, akafunga kwa ufunguo.

Nilipofika kibandani Mjomba hakuwa peke yake. Mkutubi alikuwa amekaa kwenye kigoda cha wateja, na kopo la maziwa lilikuwa kati yao. Mjomba alikuwa na kioo jichoni, anazipitia sarafu moja moja, anaziweka kwa safu juu ya kitambaa. Zilikuwa zimeshafika mia kadhaa. Pembeni saa za watu zilikuwa zinangoja.

"Hatujaipata bado," Mkutubi akaniambia kwa uchangamfu. "Lakini Fundi anasema tusikate tamaa, hatujafika chini. Si uliirudisha chini, mwanangu?"

"Chini kabisa, Bibi."

Mjomba hakuinua kichwa. Alijua hakuna kitu. Alijua tangu Jumamosi, na bado aliitazama kila moja pande zote mbili. Alipokuta yenye swala aliyefutika nusu, akamwonyesha, akamweleza kwa urefu ni ya wapi na ilipigwaje, na yule mama akaifunga kwenye leso kama dhahabu. Baadaye aliondoka na kopo lake, akiahidi kurudi kesho kumalizia.

Tukabaki wawili na saa.

"Umetoka dukani kwake?" Mjomba akauliza.

"Ndiyo."

"Umeiona?"

Mimi, niliyemtunga mkaguzi mzima na mzio wake, nilikaa pale nikitafuta maneno kama mtu aliyedondosha sindano.

"Nimeiona."

"Ameifanya nini? Hajaisugua? Watu wale husugua."

"Hajaigusa. Ameifunga kwenye kitambaa, ameitia drooni, amefunga na ufunguo."

Akatoa kioo jichoni. Aliniangalia kwa muda mrefu, na nilimwangalia machoni, kwa uso ule ule wa msiba niliouvaa mbele ya kopo. Kisha nikaona mabega yake yanashuka, pole pole, kama mtu aliyetua mzigo.

"Afadhali," akasema. "Afadhali sana. Basi iko salama."

"Iko salama, Mjomba."

"Yule hukaa na vitu miaka mitano, sita, halafu huchoka. Namjua. Akichoka atairudisha mnadani." Akavuta karatasi iliyofungiwa mkanda wa saa, akageuza upande mweupe, akaanza kuandika kwa penseli kiasi anachoweza kuweka kila mwezi. "Laki tatu si mbali, imepungua elfu tisini tu. Nikitengeneza na saa za ukutani, hata miaka minne. Wewe utakuwa umemaliza shule. Safari hii nitanyoosha mkono mwenyewe, wafuate wasifuate."

Akanigeuzia karatasi niangalie hesabu. Nilipata alama ya juu ya hisabati kidato cha pili. Ni jambo pekee ambalo shule inaweza kunishuhudia. Nikaichukua penseli, nikaisahihisha pale aliposahau kodi ya kibanda, nikamwambia ni miaka minne na miezi mitatu.

"Miezi mitatu si kitu," akasema Mjomba, akarudisha kioo jichoni.